Bibi wa Maabara Ajibu: X Ipi Hunyamaza, na Nani Aliyechagua?

SWALI: Bibi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naandika kutoka Muyeye, Malindi. Mwanangu wa kiume alipozaliwa tulimvika nguo za dada yake zilizokuwa zimewekwa kashani na vidonge vya nafthalini. Siku chache baadaye macho yakawa manjano, tukalazwa, akawekwa chini ya ile taa ya buluu, na damu ilipopimwa tukaambiwa ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha damu. Dada yake naye akapimwa. Kipimo cha kwanza kilisema hana tatizo, cha pili, kile cha namba, kikasema ana kiasi cha nusu. Mavyaa wangu anasema damu mbovu ni yangu. Nimesoma kwamba mwanamke ana kromosomu mbili za X na moja huzimwa akiwa bado tumboni. Mbona basi isizimwe ile mbovu? Huzimwa lini, na nani huchagua? Na binti yangu ni mgonjwa au si mgonjwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mavyaa wako hesabu yake ni sahihi, maneno yake siyo. Mtoto wa kiume hupewa Y na baba na X na mama, na jeni ya G6PD iko kwenye X, karibu na ncha ya mkono wake mrefu. Kwa hiyo X aliyonayo kijana wako imetoka kwako, baba yake hakuwa na njia ya kumpa. Ila kuiita damu mbovu, hapo namkatalia, na nitamrudia.

X ni kromosomu kubwa. Ina jeni zaidi ya 800 za kutengeneza protini, na nyingi hazina habari na mambo ya kike wala ya kiume: zinahusu kuganda kwa damu, misuli, ubongo, macho, na hicho kimeng'enya cha G6PD kinachozilinda seli nyekundu zisipasuke. Y ni fupi, jeni zake chache mno. Mwanamume anaishi salama kwa X moja. Mwanamke akizitumia mbili kwa nguvu zote, kila seli yake itapata dozi maradufu, na kwa panya wa maabara mimba ya namna hiyo hufa mapema. Ndiyo sababu X moja hunyamazishwa katika seli za mwanamke.

Hiyo iliyonyamaza nimeiona kwa macho. Maisha yangu ya kazi nimeyatumia nimeinamia hadubini nikisoma slaidi za malaria, na katika damu ya mwanamke chembe nyeupe chache kati ya mia huwa na kidutu kinachoning'inia kwenye kiini kwa uzi mwembamba. Hicho ndicho X iliyofungwa. Davidson na Smith walikieleza mwaka 1954. Wanafunzi waliokuja kwangu kujifunza walikidhania tone la rangi ya Giemsa lililoganda, nami nikiwaambia wageuze karatasi ya mgonjwa wasome jina: Fatuma, Mwanakombo, Zainabu.

Sasa, lini? Wengi hudhani ni tangu siku ya kutungwa mimba. Sivyo. Siku hiyo X zote mbili zimo, lakini kiinitete chenyewe hakijaanza kusoma jeni zake, kinaishi kwa akiba iliyokuja na yai la mama. Karibu siku ya tatu, kikiwa na seli nne hadi nane, ndipo jeni zake zinapoamka, na miongoni mwa zinazoamka mapema kwenye X ni moja iitwayo XIST. Iligunduliwa mwaka 1991 na Carolyn Brown katika maabara ya Huntington Willard, na iliwashangaza kwa kuwa haitengenezi protini yoyote. Hutoa uzi wa RNA, yaani nakala ya jeni, wenye herufi kama 17,000, na uzi huo hausafiri kwenda popote: unaitanda kromosomu ileile iliyoutoa, kisha unawaita wafanyakazi wengine waje wafunge jeni moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo binadamu anapoachana na panya, na panya alikuwa ametupotosha miaka mingi. Kwa panya, X iliyotoka kwa baba hunyamazishwa mapema sana, halafu huamshwa tena katika seli zitakazojenga mwili wa mtoto, ndipo uchaguzi mpya wa bahati nasibu ufanyike. Kwenye kondo la nyuma la panya, X ya baba hubaki kimya moja kwa moja. Tukadhani nasi ni vivyo hivyo. Mwaka 2011 kundi la Edith Heard la Paris likaangalia viinitete vya binadamu na kukuta XIST inatoka kwenye X zote mbili, na X zote mbili zinaendelea na kazi kana kwamba hazijaambiwa kitu. Hata kiinitete cha kiume, chenye X moja tu, kilikuwa na XIST, na X yake haikunyamaza! Nilipoyasoma hayo niliyarudia, maana yalikuwa kinyume cha tulichofundishwa.

Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichambua seli 1,529, moja moja, kutoka viinitete 88 vya siku ya tatu hadi ya saba. Walichokiona ni kwamba sauti ya X zote mbili hushuka polepole pamoja, kama mtu mwenye kandili mbili anayepunguza utambi wa zote kabla ya kuizima moja. Wapo waliozichukua takwimu hizohizo wakazisoma vingine. Mimi mwanzo nilikuwa upande wa wenye shaka. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2024, ambamo XIST iliondolewa kwenye seli za binadamu za hatua hiyo ya mwanzo na sauti ya X ikapanda, yamenisogeza upande wa pili. Inaonekana XIST ileile hufanya kazi mbili kwa nyakati mbili: kwanza kupunguza, halafu kuzima.

Kuzima kwenyewe huanza kiinitete kinapojipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba, mwisho wa wiki ya kwanza kuingia ya pili. Wewe wakati huo hukujua hata kama una mimba, hedhi ilikuwa bado haijakawia.

Na nani huchagua? Hakuna. Kila seli hujiamulia, hii inazima X ya mama, jirani yake inazima ya baba, na haikagui ipi nzima na ipi ina kasoro. Ndiyo maana ile yenye upungufu haikuzimwa katika seli zote za binti yako. Ila seli ikishaamua, imeamua. Ikigawanyika, watoto wake na wajukuu wake wote hushika uamuzi uleule. Alama za kemikali hutiwa kwenye DNA na kwenye protini zilizoishikilia, na baadaye hata ukiiondoa XIST, sehemu kubwa ya ule ukimya hubaki. Mary Lyon aliyaona haya kwenye manyoya ya panya yenye mabaka akayaandika mwaka 1961, bila kifaa chochote cha kusoma jeni.

Kuna magonjwa machache ambapo mambo hujirekebisha yenyewe. Mama anayebeba aina moja ya ukosefu mkali wa kinga ulio kwenye X hukutwa karibu seli zake zote za T, chembe nyeupe za kinga, zinatumia X nzima, kwa sababu zile zilizochagua nyingine hazikuweza kukua. Hapo si kwamba uchaguzi ulikuwa na macho, ni waliobaki hai tu. Kwa G6PD shinikizo la namna hiyo halipo sana.

Twende sasa kwa binti yako, na hapa tafadhali soma polepole. "Kiasi cha nusu" haina maana kwamba kila seli yake nyekundu ina nusu ya kimeng'enya. Ana seli za aina mbili: zilizojaa na zilizo karibu tupu, zinatembea pamoja katika mshipa mmoja. Ernest Beutler na wenzake walilithibitisha hilo Marekani mwaka 1962, na walitumia G6PD hiihii kulithibitisha. Kile kipimo cha haraka huangalia mchanganyiko mzima, kikiona kimeng'enya kipo cha kutosha kinasema sawa. Kipimo cha namba ndicho kinachomfichua mwanamke mwenye kiasi cha kati. Basi maabara haikukudanganya mara ya kwanza, ilijibu swali jingine.

Akipewa dawa inayovunja seli hizo, zile zilizojaa zitasimama na zile tupu zitapasuka. Kiasi cha hasara kinategemea uchaguzi uliofanyika katika seli chache za kiinitete zile wiki za mwanzo. Wanawake wengi huangukia karibu nusu kwa nusu, lakini wapo wa 80 kwa 20, na dada wawili wenye X zilezile wanaweza kutofautiana kabisa. Kwa hiyo si mgonjwa, lakini kwenye kadi yake ya kliniki iandikwe, na kila anapoandikiwa dawa useme. Primakwini, tafenokwini, dapsoni na nitrofurantoini zinahitaji daktari aijue hali yake kwanza. Nafthalini itoke nyumbani, si kashani tu. Na hina! Najua Idi bila hina si Idi, lakini mtoto mwenye upungufu, hasa mchanga, hina imewahi kumvunja damu vibaya. Kijana wako asipakwe, hata unyayo, hata kwa ajili ya picha.

Jambo la maabara: mtu akipimwa mara tu baada ya damu kuvunjika, seli kuukuu zimeshakufa na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, basi namba hupanda na kudanganya. Kama kijana wako alipimwa siku zilezile za manjano, arudiwe baada ya miezi mitatu hivi.

Binti akiolewa, kila mimba atatoa X moja kati ya mbili, na haijalishi ipi imenyamaza katika damu yake. Seli zitakazokuwa mayai huiamsha ile X iliyolala wakati mtoto mwenyewe bado yumo tumboni mwa mama yake. Ukimya wa X ni wa mwili wake, haurithiwi.

Sasa mavyaa. Mwambie, kwa adabu, hivi: jeni hii imeenea kwetu pwani kwa sababu ya malaria. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2015 matokeo ya uchunguzi wa watoto wa huku, na walioonekana kupata kinga dhidi ya malaria kali ni wasichana wenye mchanganyiko kama mjukuu wake. Wavulana wenye upungufu hawakuipata. Akikuuliza nani kasema, mwambie aniandikie, nitamjibu humuhumu.

SWALI: Bibi, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lamu. Kaka yangu anasema paka wa rangi tatu wanaozurura pale soko la samaki wote ni majike, tena bila hata kuwainua mkia. Mimi nasema anajifanya mjuzi. Tumewekeana dau la soda.

JIBU: Nunua soda, mwanangu. Mradi paka ana nyeusi na rangi ya chungwa kwa pamoja, karibu kila mara ni jike, na sababu ni hiyohiyo niliyomweleza mama wa Malindi hapo juu.

Rangi ya chungwa ya paka iko kwenye X. Dume ana X moja: ama wa chungwa ama si wa chungwa, kwisha. Jike anaweza kuwa na X yenye chungwa na X isiyo nayo, na kila seli ya rangi ilipozima moja ngali changa, kizazi chake chote kikatoa rangi ile. Unachokiona mgongoni mwa paka yule anayeiba changu ni uchaguzi wa seli za kiinitete chake. Nyeupe haimo katika habari hii, inatoka kwenye kromosomu nyingine kabisa, ila inasaidia kwa njia yake: palipo na weupe mwingi seli za rangi zilizofika ngozini zilikuwa chache, kila moja ikatanda eneo kubwa, ndiyo maana mabaka huwa makubwa na yenye mipaka.

Jeni yenyewe ya chungwa ilitafutwa miaka mingi. Mwaka 2025 makundi mawili, la Chuo Kikuu cha Kyushu huko Japani na la Stanford Marekani, yalichapisha jibu lilelile: kipande kidogo cha DNA kimedondoka karibu na jeni iitwayo ARHGAP36. Na paka ana haki ya pekee katika elimu hii, maana ni ndani ya seli za neva za paka jike ambamo Murray Barr na Ewart Bertram wa Kanada walikiona kwanza, mwaka 1949, kile kidoa ambacho baadaye kilijulikana kuwa X iliyonyamaza.

Mwishoni mwa mwaka 2001 huko Texas walimnakili paka jike wa rangi tatu kutokana na seli yake moja. Kitoto kilizaliwa na DNA ileile, mabaka mengine kabisa, na bila chungwa. Mwenye kutaka kumpata tena paka wake aliyekufa na alifikirie hilo kabla ya kutoa pesa.

Kabla hujalipa, hata hivyo, mwulize kaka yako kama amesema "wote". Wapo madume wachache sana wa rangi tatu, wenye X mbili na Y moja, na kwa kawaida hawazai. Akiwa amesema "wote", dau limevunjika, gawaneni hiyo soda.

SWALI: Mpwa wangu wa kike ameambiwa ana X moja tu badala ya mbili. Ni mfupi, na daktari anasema mayai yake hayakukomaa. Kama kila mwanamke hutumia X moja, mbona yeye apate taabu? Shangazi, Mpeketoni.

JIBU: Shangazi, umeuliza kuliko wanafunzi wangu wengi. X iliyonyamaza hainyamazi yote. Karibu asilimia 15 ya jeni zake huendelea kusema siku zote, na nyingine husema kwa mwanamke huyu na kunyamaza kwa yule. Mojawapo ya zisizonyamaza ni SHOX, inayohusika na urefu wa mifupa, na inatakiwa iwe na nakala mbili zinazofanya kazi. Wanaume wanayo ya pili kwenye Y. Mpwa wako ana moja, ndiyo maana kimo chake. Na kama nilivyosema juu ya mayai, wakati wa kuyatengeneza X zote mbili huamka, kwake hakuna ya pili ya kuamka. Akili yake isitiliwe shaka na shule isikatizwe. Mpelekeni apimwe moyo na figo, maana hali hii huambatana na kasoro huko, na mwulizeni daktari wa homoni kuhusu matibabu ya ukuaji mapema, kabla mifupa haijafunga.

SWALI: Bi mkubwa, mimi ni nahodha wa mashua, Shela. Nyekundu na kijani hunichanganya tangu utotoni, na babu mzaa mama alikuwa hivyo. Nina mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja. Watakuwa kama mimi?

JIBU: Mwanao wa kiume hapana, si kwa upande wako: ulimpa Y. Mabinti wote wawili wamebeba X yako, hukuwa na nyingine ya kuwapa. Lakini X ya mama yao ikiwa nzima, nyuma ya jicho la kila mmoja kuna mchanganyiko wa seli, nyingine zimezima yako, nyingine zimezima ya mama, na ubongo hutosheka na hizo zinazoona. Karibu wote wa namna hii huona rangi bila shida. Wajukuu wa kiume watakaozaliwa na hao mabinti, kila mmoja ana nafasi nusu ya kukufuata.

Kwako wewe swali ni la kazi. Taa nyekundu iko ubavu wa kushoto wa chombo na ya kijani kulia, na kwa hizo ndizo unajua anayekuja gizani anakuelekea au anakupita. Safari za usiku chukua baharia mwenye macho mazuri akae omoni akutajie kila taa inayotokea. Mchana usukani ni wako.